Matunzo ya gari kuukuu

Matunzo ya gari kuukuu ni kazi ambazo mwenye gari au fundi wake huzifanya ili gari lililokwisha kutumika kwa miaka mingi liendelee kutembea kwa usalama na kwa gharama inayobebeka. Kazi hizo ni za aina mbili. Ya kwanza ni matunzo yenyewe, yaani kukagua, kusafisha, kujaza na kubadilisha vitu kabla havijaharibika. Ya pili ni kutafuta hitilafu, yaani kujua chanzo cha kasoro iliyokwisha kutokea kabla ya kununua kipuri chochote.

Makala hii inahusu hasa magari madogo ya petroli yanayonunuliwa yakiwa yametumika nchini Tanzania, Kenya na Uganda na watu wanaomiliki gari kwa mara ya kwanza. Kwa wengi wao, ukiacha kiwanja au nyumba, gari ni kitu cha bei kubwa kuliko vyote walivyowahi kununua, na mara nyingi limetokana na mkopo au kiinua mgongo. Injini ikifa katika mwaka wa kwanza, deni hubaki huku gari limeegeshwa uani. Hata hivyo injini chache hufa ghafla. Nyingi hutoa dalili kwa siku au wiki kadhaa, na uharibifu ulio ghali zaidi huanza kwa upungufu wa kitu cha bei ndogo kama oili, maji ya rejeta, mfuniko au mpira.

Asili ya magari hayo

Magari mengi yaliyotumika katika Afrika Mashariki yametoka Japani. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama kubwa, hivyo watu wengi huamua kuuza magari yao yangali mazima. Kwa kuwa Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, Kenya na Uganda, usukani wa magari hayo tayari uko upande wa kulia.

Kila nchi ina masharti yake kuhusu umri wa gari linaloingizwa. Kwa kawaida Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Lakini gari likishaingia huuzwa tena na tena ndani ya nchi, na mnunuzi wa tatu au wa nne ndiye hupokea uzee wake. Kwa mfano, toleo la kwanza la Toyota IST lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na bado ni la kawaida barabarani ingawa hata ya mwisho kati ya hayo yamepita miaka 15.

Kitabu cha maelezo cha magari hayo, kama bado kipo, huwa kwa Kijapani. Ndiyo maana mwenye gari anapaswa kujua kusoma kibao cha chuma kilichobandikwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kibao hicho huonyesha alama ya modeli (kwa mfano NCP60), aina ya injini (kwa mfano 2NZ-FE), namba ya chesisi na alama ya rangi. Muuza vipuri akipewa alama hizo hutoa kipuri kinachofaa. Akitajiwa jina la gari peke yake hulazimika kukisia.

Namna gari linavyozeeka

Gari huzeeka kwa njia tatu: kwa kilomita, kwa miaka na kwa mazingira.

Kilomita huchakaza vyuma vinavyosuguana, kama pistoni, beringi, gia na breki. Miaka huharibu vitu vya mpira na plastiki hata kama gari halitembei: mipira ya maji hukauka na kupasuka, sili huvujisha oili, na bushi hukatika. Kwa sababu hiyo gari lililokaa miaka 3 bila kuendeshwa si lazima liwe zima kuliko lililotembea kila siku.

Mazingira yana madhara yake pia. Vumbi huziba chujio la hewa, joto hufupisha maisha ya betri, barabara za mawe na makorongo hulegeza bushi na shokapu, na hewa ya chumvi ya pwani huleta kutu. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, huweza kuwa na kutu chini ya bodi kwa sababu chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi. Kutu hiyo haionekani mpaka gari liinuliwe.

Idadi ya kilomita kwenye dashibodi si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa huweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea kwenye gari linaloonyesha kilomita 60,000 ni dalili ya kutilia shaka namba hiyo.

Hatua za kwanza baada ya kununua

Mwenye gari mpya kwa kawaida hana kumbukumbu za kuaminika za matunzo yaliyopita. Njia salama ni kuchukulia kwamba hakuna kilichofanyika na kuanza upya:

* kubadilisha oili ya injini pamoja na filta yake;
* kukagua chujio la hewa na plagi, na kubadilisha ikihitajika;
* kumwaga maji ya rejeta na kuweka kulanti mpya;
* kubadilisha mafuta ya breki;
* kukagua mikanda, mipira yote ya maji, betri na tairi, pamoja na tairi la akiba;
* kuhakikisha kwamba jeki, spana ya magurudumu na pembetatu za tahadhari zipo.

Jambo jingine la kuuliza mapema ni kama injini inatumia cheni au mkanda wa taimingi. Injini za Toyota za 1NZ-FE na 2NZ-FE zina cheni. Injini za zamani zaidi kama 4E-FE na 5A-FE zina mkanda, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Mkanda ukikatika injini huzima papo hapo, na katika baadhi ya injini valvu hugongana na pistoni na kupinda. Kama historia ya mkanda haijulikani, huhesabiwa kuwa muda wake umekwisha.

Daftari la gari

Chombo cha bei nafuu kuliko vyote katika matunzo ni daftari. Ndani yake huandikwa tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, kipuri kilichowekwa na gharama. Daftari huonyesha kama oili inapungua, kama fundi amebadilisha kitu kilekile mara mbili, na kama gari linakula fedha kuliko uwezo wa mwenyewe.

Daftari hutumika pia kupima ulaji wa petroli. Tangi hujazwa kabisa na kilomita huandikwa. Tangi linapojazwa tena, kilomita zilizotembea hugawanywa kwa lita zilizoingia. Kwa mfano, kilomita 456 kwa lita 38 ni kilomita 12 kwa lita. Gari hilohilo likishuka hadi kilomita 9 kwa lita kwenye njia ileile, kuna jambo la kutafuta: tairi zisizo na upepo wa kutosha, breki inayoshika, plagi zilizochoka au injini inayofanya kazi ikiwa baridi.

Oili ya injini

Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kijiti hutolewa, hufutwa, hurudishwa hadi mwisho, kisha hutolewa tena na kusomwa. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Kujaza kupita alama ya juu nako ni kosa, kwa kuwa oili huchapwa na ekseli ya injini na kufanya povu.

Weusi wa oili peke yake si ugonjwa, maana oili nzuri huchukua uchafu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni jambo jingine: huonyesha kwamba huenda maji yamechanganyika nayo.

Kwa gari kuukuu, kubadilisha oili na filta kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ni kanuni ya busara. Unene wa oili huandikwa kwa alama kama 5W-30 au 20W-50. Baadhi ya wauzaji huweka oili nzito sana ili kupunguza moshi na kelele za injini iliyochoka. Katika injini zenye njia nyembamba za oili, oili nzito huchelewa kufika juu wakati wa kuwasha asubuhi, na uchakavu huongezeka. Unene unaofaa ni ule ulioelekezwa na mtengenezaji wa injini.

Taa nyekundu yenye umbo la kibuyu cha oili ikiwaka wakati wa safari, injini huzimwa mara moja mahali salama. Kuendelea hata kilomita chache "mpaka gereji" huweza kuharibu beringi na kuifanya injini inoki.

Mfumo wa kupoza injini

Kuchemsha ni miongoni mwa sababu kubwa za kufa kwa injini za magari kuukuu. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la takriban °C 85 hadi 100. Pampu huzungusha maji kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na hewa, na feni husaidia gari linapokwenda polepole au kusimama.

Mfuniko wa rejeta si kizibo tu. Una springi inayoshikilia shinikizo, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka hadi kupita °C 110. Mfuniko ukilegea, maji huchemka kama kwenye sufuria isiyofunikwa: °C 100 Dar es Salaam, na karibu °C 94 tu Nairobi, mji ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuvumilia pwani na kuchemsha likipanda nyanda za juu.

Maji ya bomba au ya kisima yanaweza kutumika kwa dharura, lakini yakikaa huleta kutu na magadi yanayoziba mirija ya rejeta. Kulanti ina dawa za kuzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu yenye ladha tamu. Haifai kuhifadhiwa katika chupa za soda au za maji ya kunywa, na iliyomwagika huoshwa ili watoto na mifugo wasiiguse.

Thamostati

Thamostati ni valvu ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Katika gereji nyingi za mitaani gari likichemsha, thamostati hutolewa na kutupwa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Hoja hiyo si sahihi. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake. Kompyuta ya gari hudhani kwamba ndiyo kwanza limewashwa na huongeza petroli, na petroli iliyozidi huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda. Gari hula mafuta zaidi na injini huchakaa upesi. Isitoshe, kama chanzo kilikuwa rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, ugonjwa haujaondoka. Thamostati iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine mpya.

Kujua chanzo cha kuchemsha

Mazingira ya tukio hutoa jibu:

* Gari likichemsha kwenye foleni lakini likapoa barabara kuu, kwanza huangaliwa feni, fyuzi yake na rilei yake.
* Likichemsha mlimani au kwa mwendo mkubwa, hushukiwa rejeta iliyoziba, pampu dhaifu au upungufu wa maji.
* Maji yakipungua bila kuvuja popote, huku mapovu yakitoka kwenye rejeta na moshi mweupe ukiendelea hata injini ikiwa moto, hushukiwa gasketi ya silinda hedi.

Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, bali taa ya bluu ya ubaridi na taa nyekundu ya joto. Taa nyekundu ikiwaka, au mshale ukipanda, dereva huzima kiyoyozi, hufungua hita hadi mwisho ili kuondoa joto kwenye injini, husimama mahali salama na kuzima injini. Mfuniko haufunguliwi mpaka injini ipoe, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa kuwa maji na mvuke unaoruka huunguza vibaya uso na mikono. Maji baridi hayamwagwi kwenye injini yenye moto, kwa sababu chuma huweza kupasuka. Ikumbukwe pia kwamba maji yakiisha kabisa, kipima joto huweza kuonyesha joto la chini kwa kuwa hakiguswi tena na maji.

Mafuta ya gia

Gia za otomatiki hutegemea mafuta maalumu si kwa kulainisha tu bali kwa kufanya kazi yenyewe. Mafuta mazuri mara nyingi huwa mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia nzito na yananuka kuungua, gia zimeanza kuumia. Aina ya mafuta haichaguliwi kwa rangi. Gia za aina ya CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya meno ya gia, zinahitaji mafuta yake tofauti, na zikiwekewa mafuta ya otomatiki ya kawaida huharibika.

Breki

Breki ndiyo sehemu isiyostahili kuahirishwa, maana ikishindwa hudhuru pia watu wasiohusika. Pedi zilizobaki na unene wa milimita 3 hivi ni za kubadilishwa. Sauti ya kusaga chuma inaonyesha kwamba zimekwisha na disiki zinaliwa.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Baada ya muda maji yaliyomo huchemka kwenye mteremko mrefu, mvuke hutokea ndani ya mabomba, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Kwa hiyo mafuta hayo hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini haiwekwi kamwe kwenye breki, hata kidogo, kwa sababu huvimbisha na kuharibu mipira yote ya mfumo huo. Kwenye mteremko mrefu gari hushushwa kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia.

Mafuta ya breki yakishuka, kwanza hutafutwa sababu: ama pedi zimelika, ama kuna mvujo.

Tairi na usukani

Upepo wa tairi hupimwa tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mlango wa dereva. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika tarakimu 4: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira wake umekauka na kupasuka nyufa ndogo, na tairi la namna hiyo huweza kupasuka kwa mwendo mkubwa juani.

Tairi lililolika upande mmoja huashiria magurudumu yasiyolingana au bushi zilizokwisha. Kugonga kwenye mashimo hutokana mara nyingi na bushi, shokapu au boli joint. Boli joint iliyolegea sana huweza kuchomoka na gurudumu kulala, hivyo haihesabiwi kuwa kelele ya kawaida ya gari kuukuu.

Betri na umeme

Betri yenye chaji kamili, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Ikisoma chini ya volti 12.2 inahitaji chaji au imechoka. Injini ikiwaka, kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, alteneta au mkanda wake una kasoro. Kikizidi 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri itachemshwa.

Ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Huondolewa kwa maji ya vuguvugu yenye magadi ya kupikia na burashi, baada ya kufungua waya wa hasi kwanza.

Desturi ya kuchomoa waya wa betri huku injini inaunguruma, ili kuona kama alteneta inachaji, ilianza na magari yasiyokuwa na kompyuta. Kwenye magari ya sasa, umeme hupanda ghafla na kuunguza vifaa vya bei kubwa. Kipimo cha volti hutoa jibu hilohilo bila hatari.

Kutafuta hitilafu

Kosa la kawaida la mmiliki mpya ni kununua kipuri kwa kila dhana inayotajwa. Utaratibu ufuatao hupunguza hasara:

1. Kuandika dalili: ilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, mvuani au juani, tambarare au mlimani.
2. Kujiuliza ni kazi gani iliyofanyika mwisho. Kasoro iliyoanza siku moja baada ya kutoka gereji huenda ni waya au mpira ambao haukurudishwa mahali pake.
3. Kuanza na kinachoonekana na kisicho na gharama: fyuzi, waya, mipira, vimiminika.
4. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha kujaribu.
5. Kuthibitisha kipuri kibovu kwa kipimo kabla ya kununua kingine.

Gari lisilowaka

Kwanza husikilizwa ufunguo unapozungushwa. Kama kuna ukimya au mlio mdogo wa "tiki", na taa zinafifia, tatizo liko kwenye betri au vichwa vyake. Kama taa zinabaki angavu na stata haizunguki, huangaliwa stata, na kwa gari la otomatiki kama gia iko P au N.

Kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, kinakosekana kimoja kati ya mambo manne: petroli, cheche, hewa au mgandamizo ndani ya silinda. Katika magari mengi pampu ya petroli husikika ikivuma kwa sekunde 2 hivi ufunguo unapofunguliwa. Ukimya huelekeza kwenye fyuzi, rilei au pampu. Pampu hiyo huwa ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, hivyo mazoea ya kutembea na taa ya akiba inawaka huifupishia maisha. Petroli chafu nayo huleta kasoro kama hizo. Nchini Tanzania EWURA ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kutia vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wanaoyachakachua.

Rangi ya moshi

Moshi wa bluu ni oili inayoungua kupitia ringi za pistoni au sili za valvu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi au hewa iliyopungua, na chujio la hewa ndilo la kwanza kuangaliwa. Mvuke mweupe wa asubuhi unaotoweka ni wa kawaida, ila usiotoweka ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda.

Taa ya injini

Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000 yana tundu chini ya dashibodi la kuunganisha kifaa cha kusomea kodi za hitilafu. Kodi huonyesha eneo, haitaji kipuri cha kununua. Kwa mfano, P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko una petroli kidogo kuliko hewa. Sababu inaweza kuwa mpira wa hewa uliochanika, chujio la petroli lililoziba au pampu dhaifu, na si lazima sensa iliyo ghali. P0301 maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Hapo koili ya silinda hiyo inaweza kuhamishiwa silinda ya pili: kodi ikibadilika kuwa P0302, koili ndiyo mbovu.

Mnunuzi anapaswa kuangalia kwamba taa za onyo zote huwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imeondolewa ili kuficha ugonjwa.

Kufanya kazi na fundi

Mwenye gari hahitaji kuwa fundi, bali anahitaji kueleza dalili na kuacha uchunguzi ufanyike. Anayefika gereji na kusema "nibadilishie alteneta" atabadilishiwa, hata kama ugonjwa ulikuwa waya. Maswali mawili humsaidia: "Umepima kwa nini?" na "Naomba kipuri cha zamani nikione." Mafundi wazuri hawachukizwi na maswali hayo. Wengi wa mafundi wa jua kali na wa gereji za mitaani wana uzoefu mkubwa wa modeli fulani, na wengine wana vyeti vya VETA nchini Tanzania au vya NITA nchini Kenya.

Vipuri hupatikana vipya, bandia na vya mitumba katika maeneo kama Gerezani huko Dar es Salaam, Kirinyaga Road huko Nairobi na soko la Kisekka huko Kampala. Kipuri cha mtumba kinafaa kwa vitu kama mlango, taa au kioo. Kwa breki, mikanda, mipira na sili, upya ni lazima.

Tahadhari

Mtu haingii chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Gari huwekwa juu ya stendi imara mahali tambarare na magurudumu huzuiwa. Betri hutoa gesi inayolipuka, hivyo sigara na cheche huwekwa mbali. Wakati wa kuazima umeme kwa gari jingine, waya mwekundu huunganisha chanya kwa chanya, na mweusi hutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri yake. Injini haiungurumishwi ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Oili chakavu haimwagwi mtaroni wala kisimani.

Ratiba ya matunzo

* Kila wiki: oili, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, upepo wa tairi, taa zote, madoa chini ya gari.
* Kila kilomita 5,000 au miezi 6: oili na filta, kupuliza au kubadilisha chujio la hewa, kukagua pedi, mikanda na mipira.
* Kila kilomita 20,000 hivi: kukagua plagi, kubadilisha chujio la hewa, kukagua bushi na shokapu.
* Kila miaka 2: mafuta ya breki na kulanti, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine.
* Kabla ya safari ndefu: yote ya kila wiki, pamoja na tairi la akiba na jeki.

Wakati wa kuachana na gari

Gharama ya matengenezo hulinganishwa na bei ya gari jingine zima, si na bei ambayo gari lenyewe lingeuzwa. Gari linalohitaji shokapu na tairi kwa pamoja bado linaweza kuwa nafuu kuliko mkopo mpya. Lakini kutu iliyokula chesisi au sehemu zinazoshikilia magurudumu, na injini ambayo imechemsha mara kadhaa hadi silinda hedi kupinda, ni sababu za kutosha za kuliuza kwa vipuri. Daftari lenye hesabu za miaka miwili au mitatu humwezesha mwenye gari kuamua kwa takwimu zake mwenyewe. Akiliuza likiwa bado linatembea, daftari hilohilo humfaa mmiliki anayefuata, ambaye huenda naye ni wa mara ya kwanza.